Usikimbilie Dawa: Namna ya Kutibu Miti ya Matunda na Bustani ya Nyumbani Dar

Jani la mti likigeuka njano, uwe Mbagala au Bunju, wengi wetu hukata moja kwa moja hadi duka la pembejeo: "Nipe dawa, mti wangu unaumwa." Muuzaji hajauona mti. Atakupa alichonacho, mara nyingi kimepimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa isiyo na lebo. Wiki mbili baadaye mti uko vilevile, kilichopungua ni hela.

Sehemu kubwa ya matatizo ya miti kwenye viwanja vyetu haihitaji sumu ya dukani. Mengine yanatokana na maji, udongo au panga. Mengine ni wadudu wanaoondoka kwa maji na sabuni. Na yapo machache yasiyo na dawa kabisa, ambayo tiba yake ni shoka. Kazi yako ya kwanza ni kujua mti wako uko kundi gani.

Uchunguzi wa dakika kumi

Fanya asubuhi, kabla jua halijawa kali.

1. Simama mbali, utazame mti mzima. Ukidhoofika wote kwa pamoja, shuku mizizi, maji au udongo. Likinyauka tawi moja tu, shuku jeraha, mdudu aliyetoboa ndani au ugonjwa wa tawi hilo.
2. Angalia njano imeanzia wapi. Majani ya zamani yakitangulia, mara nyingi mti una njaa ya mbolea. Majani machanga yakiwa njano huku mishipa imebaki kijani, mti umekosa madini ya chuma, na kwa nyumba zetu kisa huwa ni kifusi.
3. Geuza jani. Wadudu wengi wanaishi upande wa chini, na huko hatuangalii.
4. Ukiona weusi juu ya jani, lowesha kidole ufute. Ukitoka kama masizi ya sufuria na chini yake jani ni zima, huo si ugonjwa wa jani. Ni ukungu unaoota juu ya utamu unaodondoshwa na wadudu wafyonzao. Tafuta wadudu.
5. Fukua kidogo kwenye shingo ya mti, shina linapoingia ardhini. Gome likiwa laini, linanuka au linatoa utomvu, kuoza kumeanza.
6. Jiulize nini kimebadilika miezi mitatu iliyopita. Fundi amechanganya zege hapo? Umeanza kumwagilia maji ya kisima kipya? Kuna anayechoma taka chini ya mti?

Swali la sita ndilo linaloleta majibu mengi kuliko yote, na ndilo linalorukwa.

Magonjwa yasiyo magonjwa

*Chumvi.* Visima vingi vya ukanda wa pwani, hasa karibu na bahari, vina maji ya chumvi, na chumvi huzidi kiangazi. Dalili yake: ncha na kingo za jani zinakauka rangi ya kahawia kama zimeunguzwa, zikianzia majani makubwa. Parachichi huumia mapema, na jamii ya michungwa huifuata. Mnazi hujali kidogo sana. Onja maji yako. Yakiwa na chumvi ulimini, upe mti huo maji ya bomba au ya mvua uliyokinga, na usimwagie majani. Ukimwagilia, mwagilia maji mengi mara chache badala ya kikombe kila jioni, ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Weka matandazo ya majani makavu, ukiyaacha mbali kidogo na shina. Masika ikija itausafisha mchanga yenyewe.

*Kifusi.* Vipande vya plasta na saruji vilivyofukiwa uani hufanya udongo kuwa na chokaa nyingi, na mti hushindwa kunyonya chuma hata kama kimo. Kuongeza mbolea ya dukani hakusaidii. Chimbua kifusi kadiri unavyoweza, rudishia mchanga safi uliochanganywa na mboji au samadi iliyooza, kisha uwe na subira: angalia majani mapya, kwa sababu ya zamani hayatarudi kijani.

*Maji kutuama.* Mpapai uliosimama ndani ya maji siku mbili tatu unaweza kufa moja kwa moja. Kwenye mabonde kama yale ya Mbagala na Tegeta, panda juu ya tuta lililoinuliwa, na uchimbe mfereji kabla ya Machi.

*Sisi wenyewe.* Kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa miaka na miaka huukaba mti hadi tawi likafa. Moto wa taka huua gome upande mmoja. Wanaochuna magome ya mwarobaini kwa ajili ya dawa wakizungusha shina zima, mti hauponi. Na oili chafu inayopakwa kwenye shina kuzuia mchwa huunguza gome la mti mchanga. Mchwa hupenda zaidi mti ulio na kiu na sehemu zilizokwishakufa. Mwagilia, bomoa vichuguu vyao vya udongo shinani, na usiweke samadi mbichi.

Wanaofyonza: vidung'ata, vidukari, inzi weupe na magamba

Pamba nyeupe inayonata kwenye mpapai, mstafeli au haibiskasi ni vidung'ata. Kati ya wadudu wa matunda ya uani, hawa wana nafuu moja: wana ngozi laini, na sabuni inawatosha.

Anza na maji. Kama una mpira wa kumwagilia, piga majani kwa nguvu upande wa chini, mara mbili kwa wiki. Yaliyosheheni sana yakate, uyatie kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Kisha tumia mojawapo ya dawa hizi.

KISANDUKU: DAWA MBILI ZA JIKONI

*Maji ya sabuni.* Kijiko kimoja cha chai cha sabuni laini ya maji kwa kila lita 1 ya maji. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia, inaunguza majani. Puliza hadi mdudu alowe, maana sabuni huua anayeguswa tu. Rudia kila baada ya siku 5 hadi 7, mara tatu.

*Mwarobaini.* Twanga kilo 1 ya majani mabichi, loweka kwenye lita 5 za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza kijiko cha sabuni. Mbegu zina nguvu zaidi: gramu 500 za mbegu kavu zilizotwangwa kwa lita 10. Puliza jioni, kwa kuwa jua huiharibu. Tumia siku hiyohiyo.

Zote mbili: jaribu kwanza kwenye majani machache, subiri siku mbili. Usipulize mmea wenye kiu wala saa za jua kali.

Ukimaliza, fuata msururu wa sisimizi. Wanapanda mtini kunywa ule utamu, na kwa malipo wanawalinda vidung'ata dhidi ya wadudu wanaowala. Usipowakatiza sisimizi, vidung'ata watarudi. Kata matawi yanayogusa ukuta au ardhi, kisha zungusha shinani kitambaa au karatasi ngumu iliyopakwa grisi juu yake. Grisi isiguse gome.

Hapa nawatetea majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Desturi yetu ni kuwachoma kwa kienge kabla ya kupanda kuchuma. Waacheni. Ni wawindaji wakali: kwenye minazi ya pwani na Zanzibar wanajulikana kwa kufukuza kunguni anayefyonza nazi changa zikadondoka. Huko China wakulima wa machungwa walikuwa wakinunua viota vya ndugu wa majimoto zaidi ya miaka 1,600 iliyopita na kuvitundika mashambani. Kweli wanauma, na kweli nao huwafuga magamba wachache. Siku ya kuchuma jipake majivu mikononi, au tumia upondo.

Mwembe

Wenye mwembe hulalamika mambo mawili: maua yanakauka, na embe zina funza.

Maua ya mwembe hapa Dar hutoka zaidi kati ya Juni na Septemba. Yakifunikwa na unga mweupe kisha yakapukutika, ni ubwiri unga, ugonjwa unaopenda usiku wa baridi na hali kavu. Wakulima wa korosho wa kusini wanajua aina yake kwenye mikorosho, na wanapambana nao kwa salfa. Yakiwa meusi kama yameungua na matunda machanga yakapata madoa meusi, ni chule, inayoletwa na unyevu. Madoa ya chule hujificha kwenye embe bichi na kujitokeza likiiva.

Salfa ya kulowesha kwa ubwiri unga, na dawa za shaba kwa chule, zinasaidia kama zimepulizwa mapema: maua yanapochomoza, kabla hayajafunguka. Usipulize maua yakiwa wazi na nyuki wakiwa kazini.

Ila tuseme ukweli. Mwembe dodo wa miaka thelathini, mrefu kuliko bati la nyumba, huwezi kuupulizia kwa bomba la mgongoni. Dawa itakurudia usoni na nyingine itaingia kwa jirani. Kwa mti wa namna hiyo sahau dawa. Mara baada ya mavuno, Januari au Februari, upunguze. Toa matawi yaliyokufa, yanayokatizana na yaliyofunga katikati, ili hewa na jua vipite. Usizidishe theluthi moja ya mti kwa mwaka. Fagia majani na matawi yaliyokufa chini yake. Mti ulio wazi hukauka haraka baada ya mvua, na chule hukosa pa kukaa.

Sasa funza. Inzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003, na haukupita muda akaonekana Tanzania. Jike hutoboa ganda la embe linalokomaa na kutaga ndani. Funza hula nyama, tunda linaanguka, funza anatoka na kuingia mchangani, anageuka inzi. Ukiielewa safari hiyo unaona dawa ya kupulizia juu ya tunda imechelewa: adui yuko ndani, au yuko chini ya miguu yako.

Fanya hivi kuanzia embe zinapoanza kukomaa:

1. Okota embe zilizoanguka kila siku, hata zile ndogo zilizobonyea. Ukiziacha siku tatu, funza wameshaingia ardhini.
2. Zitie kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko unaobana, uiache juani wiki nzima. Huna ndoo, zifukie nusu mita chini na ushindilie. Usizitupe kwenye shimo la mboji wala nje ya ukuta.
3. Waachie kuku wapekue chini ya mti.
4. Funika matunda yaliyo karibu kwa bahasha za kaki kabla hayajaanza kukomaa, ukifunga kwenye kikonyo. Toboa tundu dogo chini ili maji ya vuli yasituame.
5. Chuma embe likikomaa, lisubiri kuiva ndani.
6. Zungumza na majirani. Inzi hajui mpaka wa kiwanja, na mwembe mmoja usiookotwa chini yake unalisha mtaa mzima. Kama kuzungumza kunashindikana, suala hili linafaa kabisa kupelekwa kwa mjumbe.

Mitego yenye kivutio cha inzi dume inauzwa. Inasaidia kukuonesha kama inzi wamekuja na kupunguza idadi yao, lakini haichukui nafasi ya kuokota.

Ndimu, limau, chungwa na chenza

Kiwavi anayefanana na kinyesi cha ndege, baadaye akawa wa kijani, ndiye anayemaliza majani ya mdimu mchanga. Muokote kwa mkono. Ukimgusa atatoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Ni vitisho tu. Michirizi ya fedha kwenye majani machanga ni ya kiwavi anayechimba ndani ya jani. Kwa mti mkubwa ni sura mbaya tu, uache.

Shina likitoa gundi karibu na ardhi, ondoa udongo na matandazo yaliyorundikana shingoni, kwangua gome lililooza kwa kisu safi hadi ufike sehemu nzima, paka dawa ya shaba iliyokorogwa nzito, na uache kumwagilia maji yanayogusa shina. Chimba kisahani cha maji kama mita moja kutoka kwenye shina, huko ndiko mizizi inakonyonya.

Kuna ugonjwa mmoja lazima uujue hata kama hujauona bado: ukijani wa matunda. Ni bakteria wanaosambazwa na mdudu mdogo anayekaa kwenye machipukizi. Aina ya zamani ya Afrika hupenda nyanda za baridi, ndiyo maana pwani tulikuwa na unafuu. Mwaka 2016 watafiti waliripoti kuwa mdudu wa Asia, anayestahimili joto, ameonekana Morogoro.

Ili kuutambua, chukua jani lenye mabaka ya njano. Likunje katikati kufuata mshipa mkuu, upande ukae juu ya upande. Njaa ya madini hupaka pande zote mbili sawasawa. Kwenye ukijani mabaka hayafanani: huku yamejaa, huku hayapo. Kisha pasua tunda kwa urefu. La mti mgonjwa huwa limepinda, mstari wa katikati umekwenda upande, mbegu ni nyeusi na zimesinyaa, na linabaki kijani kitakoni.

Ukijani hauna tiba. Mti uliothibitika kuumwa hung'olewa. Usichukue vikonyo vya kubebesha kutoka mti wenye mashaka, na unaponunua mche wa kubebeshwa barabara ya Bagamoyo au ya Kilwa, muulize muuzaji vikonyo vimetoka wapi. Asiyejua, mwache na mche wake.

Mnazi na mgomba, kwa kifupi

Mnazi ukitoboka kileleni na makuti mapya yakatoka yamekatwa kama kwa mkasi, ni kazi ya mbawakawa aitwaye chonga. Mtoe kwa waya mgumu wenye ndoano, kisha tafuta anakozaliana: magogo ya minazi yaliyooza na marundo ya samadi. Yaondoe.

Nazi zote zikidondoka kabla ya wakati, maua mapya yakawa meusi, makuti yakaanza njano kutoka chini kwenda juu, ni ugonjwa wa kunyong'onyea. Hakuna dawa. Kata mapema, choma kilele. Watafiti wa minazi wapo hapahapa jijini, TARI Mikocheni. Waulize kabla ya kupanda mwingine.

Mgomba unaoanguka wenyewe huku ukiwa na mkungu, pasua kitako chake. Matundu na vijia vyeusi ni kazi ya fukusi. Panda machipukizi yaliyomenywa hadi yawe meupe, na usiache visiki vioze uani.

Nyanya, biringanya na pilipili

Nyanya ikinyauka ghafla ingali kijani, fanya jaribio hili. Kata kipande cha shina karibu na mzizi, urefu wa kidole. Kining'inize ndani ya glasi ya maji safi, ncha tu iguse. Subiri dakika chache bila kuitikisa. Ukiona uzi mweupe kama wa maziwa unashuka kwenye maji, ni mnyauko wa bakteria. Ng'oa, toa nje ya bustani, usiweke kwenye mboji. Hapo usirudishe nyanya, biringanya, nyanya chungu, pilipili wala viazi mviringo kwa misimu kadhaa. Panda mahindi, au otesha nyanya kwenye viroba vyenye udongo safi.

Uzi usipoonekana, tazama mizizi. Vifundo vilivyovimba ni minyoo fundo, na mchanga wa Dar unawapenda. Kwenye kunde usidanganyike: vifundo vizuri hubanduka kwa ukucha, vya minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba. Tibu udongo Januari na Februari: lowesha tuta, lifunike kwa nailoni angavu, fukia kingo, liache juani wiki nne hadi sita.

Majani yenye mabaka makavu kama karatasi, na matunda yenye matundu ya pini, ni kazi ya kanitangaze, kiwavi wa nyanya aliyeingia nchini mwaka 2014. Toa majani hayo kila siku mbili. Amezizoea dawa haraka, usibadilishe chupa kwa kubahatisha.

KISANDUKU: KUKATA TAWI BILA KUUMIZA MTI

Tumia msumeno, panga linachana.

1. Kata kutoka chini kwenda juu, sentimita 30 kutoka shinani, theluthi moja tu ya unene.
2. Sogea nje kidogo, kata kutoka juu mpaka tawi lianguke. Gome halitachanika.
3. Ondoa kisiki kilichobaki, nje kidogo ya ule uvimbe unaozunguka kitako cha tawi. Usikate uvimbe, usiache kisiki kirefu.
4. Usipake rangi wala oili. Jeraha safi hujifunga lenyewe.
5. Safisha msumeno kwa jiki iliyozimuliwa kabla ya kwenda mti mwingine.

KISANDUKU: UKILAZIMIKA KUNUNUA DAWA

☐ Chupa imefungwa, ina lebo ya Kiswahili na namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu.
☐ Lebo inataja mmea wako na tatizo lako. Dawa ya wadudu haitibu ukungu, wala ya ukungu haiui wadudu.
☐ Umesoma siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mchicha wa kesho usipulizwe leo.
☐ Una glavu, barakoa, shati la mikono mirefu. Watoto na kuku wako ndani.
☐ Hakuna upepo. Asubuhi na mapema kuna nafuu.
☐ Umepima kwa kifuniko cha dawa, usitumie kijiko cha jikoni. Kuzidisha hakuharakishi, kunaunguza majani.
☐ Chupa tupu imesuuzwa mara tatu, maji ya kusuuzia yamerudi kwenye bomba la kupulizia, chupa imetobolewa. Isiwekwe mafuta ya taa wala juisi.

Ukishindwa kutambua

Mtafute afisa kilimo wa kata kupitia ofisi ya mtendaji. Huduma hiyo ipo hata mjini, ingawa wengi hawaiulizi. Mpelekee sampuli inayosomeka: tawi lenye majani mazima, yanayoanza kuumwa na yaliyozidiwa, kwa kuwa lililokwishakauka halisemi kitu. Ongeza tunda, na mizizi michache yenye udongo. Funga kwa gazeti kavu, kila sehemu peke yake, na usiweke kwenye nailoni maana itaoza njiani. Piga picha ya mti mzima na ya shingo yake. Andika maji unayotumia na dawa ulizokwishapuliza. Sampuli ichume asubuhi, Jumatatu au Jumanne, isije ikalala ofisini wikendi nzima.